Andalio la Somo la Kiingereza Tarime na Serengeti

Andalio la somo ni maandishi mafupi anayoyaandika mwalimu kabla ya kuingia darasani. Hueleza nini kitafundishwa katika kipindi kimoja, kwa darasa lipi, kwa zana gani, kwa hatua zipi, na kwa kipimo gani mwalimu atajua kwamba wanafunzi wameelewa. Katika shule za Tanzania andalio ni kitindamimba wa ukoo mrefu wa nyaraka. Juu kabisa upo mtaala wa taifa, na chini yake muhtasari wa kila somo. Kutoka kwenye muhtasari mwalimu huchota azimio la kazi, linalogawa mada kwa miezi, wiki na idadi ya vipindi. Kutoka kwenye azimio huandika andalio la siku. Kipindi kikiisha, kilichofundishwa huingizwa katika shajara ya somo, ili mwalimu mwingine akipokea darasa ajue wanafunzi wamefika wapi.

Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, andalio la Kiingereza lina hali yake ya pekee. Katika shule za msingi za serikali karibu masomo yote huandaliwa na kufundishwa kwa Kiswahili, lakini andalio la Kiingereza huandikwa kwa Kiingereza chenyewe. Mwanafunzi anayelengwa nalo kwa kawaida ameanza kusema kwa Kikuria, au kwa Kingoreme, Kiikoma, Kinata au Kiisenye, kisha akajifunza Kiswahili, na sasa anakabiliwa na lugha ya tatu. Mwalimu naye mara nyingi amepita njia hiyohiyo. Hivyo karatasi moja ya kipindi cha dakika 40 husimama katikati ya lugha tatu, na sura yake imebadilika kila mara serikali ilipobadili jibu la swali moja: Kiingereza kimfikie mtoto huyu lini na kwa njia gani?

Malezi kabla ya shule

Kabla ya shule za kisasa, jamii za Mara zilikuwa na mafunzo yenye mpango. Kwa Wakuria, saro, yaani rika la waliotahiriwa pamoja, liliwaweka vijana katika ngazi za umri zilizojulikana, na kila ngazi ilikuwa na kazi na maarifa yake: kuchunga ndama, kisha kuchunga ng'ombe, kulinda boma, na baadaye kushiriki mashauri ya watu wazima. Wasichana walifundishwa na mama na bibi kilimo, upishi, malezi na adabu. Wazee walijua nini kinafuata nini, na nani yuko tayari kwa kipi. Mpango huo ulikaa kichwani na katika desturi. Andalio la maandishi lilikuja na shule ya wageni.

Wajerumani, waliotawala hadi Vita Kuu ya Kwanza, waliweka kituo cha utawala Shirati, kando ya Ziwa Viktoria, na ngome Ikoma, katika Serengeti ya leo. Shule zao za serikali zilifundisha kwa Kiswahili, kwa kuwa walihitaji makarani na maakida wa kuendesha utawala kwa lugha hiyo. Kiingereza hakikuwa na nafasi wakati huo. Kilianza kutafutwa baada ya Waingereza kushika Tanganyika.

Misheni, ruzuku na mkaguzi

Idara ya Elimu ya Tanganyika ilianzishwa mwaka 1920 chini ya Stanley Rivers-Smith. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika Mashariki, ikashauri elimu iambatane na mazingira ya watu na serikali ishirikiane na misheni. Mkutano wa elimu uliofanyika Dar es Salaam mwaka 1925 uliendeleza wazo hilo, na katika nusu ya pili ya muongo huo serikali ilianza kutoa ruzuku kwa shule za misheni zilizofikia viwango ilivyoviweka. Ruzuku ilikwenda sambamba na ukaguzi. Shule iliyotaka fedha ilipaswa kuonyesha mahudhurio, ratiba, walimu waliosomea kazi yao, na kazi iliyopangwa.

Mara ilikuwa na misheni za aina kadhaa. Waadventista Wasabato walifika Majita kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Wamisionari Wakatoliki walijenga Nyegina, karibu na Musoma, na baada ya Vita Kuu ya Pili kazi yao ikapokelewa na mapadre wa Maryknoll kutoka Marekani. Wamenonaiti, nao kutoka Marekani, walianza Shirati mwaka 1934, kisha wakafungua vituo vingine, kikiwemo cha Nyabasi katika nchi ya Wakuria. Shule nyingi za mwanzo za misheni zilikuwa za kusoma na kuandika ili mtu aweze kusoma Biblia na katekisimu. Mwalimu wake alikuwa kijana aliyesoma miaka michache, na alifundisha alichokumbuka kama alivyokumbuka.

Mkaguzi ndiye aliyeleta desturi ya andalio. Uingereza iliweka wakaguzi wa shule mwaka 1839, na mwaka 1846 ikaanzisha mpango wa walimu wanagenzi, ambamo vijana walifundisha huku wakijifunza chini ya mwalimu mkuu. Katika vyuo vyake vya ualimu mwanafunzi alitakiwa kuandika muhtasari wa kila somo kabla ya kulifundisha mbele ya mkufunzi. Mwishoni mwa karne ya 19 desturi hiyo ilikutana na mafundisho ya Johann Friedrich Herbart, mwanafalsafa wa Ujerumani aliyefariki mwaka 1841. Wafuasi wake, hasa Wilhelm Rein wa Jena, walipanga somo katika hatua 5: kumwandaa mwanafunzi kwa kuamsha anachokijua, kuwasilisha jambo jipya, kulilinganisha na la zamani, kufikia kanuni, na kuitumia kanuni hiyo. Vyuo vya Uingereza na Marekani vilizipokea hatua hizo, na kupitia vyuo vya ualimu zikasambaa katika makoloni. Mwalimu wa leo wa Tarime anayeandika utangulizi, maarifa mapya, kukazia maarifa, tafakuri na hitimisho anafuata mpangilio wenye undugu wa wazi na ule wa Jena.

Kiingereza cha shule ya kati

Katika mfumo wa Waingereza, Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia katika miaka mitano ya kwanza ya shule ya msingi, na Kiingereza katika miaka mitatu ya mwisho na katika sekondari. Baada ya Vita Kuu ya Pili masomo ya msingi yaligawanywa: darasa la kwanza hadi la nne katika shule ya chini, kisha darasa la tano hadi la nane katika shule ya kati. Mtihani wa darasa la nne uliwachuja watoto kwa ukali, na waliovuka walikuwa wachache. Kwa mtoto wa wilaya ya North Mara, ambayo makao yake yalikuwa Tarime, Kiingereza kilikuwa mlango mwembamba, na kila mwalimu wa darasa la tano alijua kwamba wanafunzi wake walikuwa wamebakiza mwaka huo tu kabla ya kulazimika kusoma jiografia na hesabu kwa lugha hiyo.

Kwa sababu hiyo somo la Kiingereza la wakati huo lilipangwa kwa kipimo kikali. Vitabu kama mfululizo wa New Oxford English Course wa F. G. French vilichagua msamiati kwa idadi na kupanga miundo ya sentensi kutoka nyepesi hadi ngumu. Mwalimu alishauriwa kufundisha kwa mdomo kwanza, kwa kushika kitu na kukitaja, kutenda na kusema anachotenda, kisha darasa likarudia kwa pamoja, kwa safu, na mmoja mmoja. Andalio la somo la aina hiyo lilikuwa orodha ya sentensi za siku, vitu vya kuletwa darasani, na mpango wa marudio. Lilifaa kwa sauti na kumbukumbu, lakini lilimpa mtoto nafasi ndogo ya kusema jambo lake mwenyewe.

Njia ya Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, inaonyesha jinsi lugha hiyo ilivyomwondoa mtoto mkoani kwake. Aliingia shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akaenda Tabora mwaka 1937, kisha Makerere, Uganda, kuanzia 1943 hadi 1945, ambako alipata stashahada ya ualimu. Alifundisha shule ya St. Mary's, Tabora, na baada ya masomo ya Edinburgh akafundisha Pugu. Jina la Mwalimu lililomkaa maisha yake yote lilitokana na kazi hiyo, na mtu aliyesomea ualimu ndiye baadaye aliyeamua nafasi ya Kiingereza katika shule za nchi nzima.

Mpaka uliochorwa na Uingereza na Ujerumani mwaka 1886 uliwagawa Wakuria, na upande wa pili historia ilichukua njia nyingine. Kenya ilianza mwaka 1957 mpango wa kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, uliokuja kuitwa New Primary Approach. Mpango huo uliambatana na viongozi vya mwalimu vilivyoeleza kila kipindi hatua kwa hatua, kiasi kwamba sehemu kubwa ya andalio ilikuwa tayari imeandikwa kitabuni. Kwa hiyo watoto wa ukoo mmoja, wa Isebania upande wa Kenya na wa Sirari upande wa Tanzania, walikutana na Kiingereza kwa umri tofauti na kwa mipango tofauti.

Mabadiliko ya mwaka 1967

Baada ya uhuru mwaka 1961 shule za sekondari ziliongezeka haraka kuliko walimu. Mpango wa Teachers for East Africa, ulioanza mwaka 1961 ukiongozwa na Chuo cha Ualimu cha Chuo Kikuu cha Columbia, New York, ulileta wahitimu kutoka Marekani na Uingereza kufundisha sekondari za Afrika Mashariki, na wengine wakafuata kupitia mashirika ya kujitolea. Walimu hao walikuja na mtindo mpya wa kupanga somo. Ralph Tyler alikuwa ameandika mwaka 1949 kwamba mtaala uanze na malengo, Benjamin Bloom na wenzake wakapanga ngazi za malengo mwaka 1956, na Robert Mager akasisitiza mwaka 1962 kwamba lengo liandikwe kwa kitenzi kinachoonekana na kupimika. Mafundisho haya yalienea katika vyuo vya ualimu katika miaka ya 1960 na 1970. Tangu hapo andalio la Mtanzania likawa na sentensi inayojulikana na kila aliyepita chuoni: hadi mwisho wa kipindi, kila mwanafunzi aweze kutaja, kueleza, kutumia, kutofautisha. Vitenzi kama kujua na kuelewa vilikataliwa na wakufunzi kwa sababu haviwezi kupimwa kwa macho wala masikio.

Mwezi Machi 1967 Rais Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, na mwaka huohuo Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule ya msingi yote. Kiingereza kikabaki somo moja kati ya masomo mengine, huku sekondari ikiendelea kufundishwa kwa Kiingereza. Uamuzi huo uliwapa mamilioni ya watoto elimu katika lugha wanayoielewa. Ulibadilisha pia kazi ya andalio la Kiingereza. Awali, somo la Kiingereza lilisaidiwa na masomo mengine yote yaliyofundishwa kwa lugha hiyo. Sasa vipindi vichache vya wiki vilibeba mzigo wote wa kumwandaa mwanafunzi kwa kidato cha kwanza. Kila dakika 40 ilipaswa kupangwa kwa uangalifu zaidi, kwa sababu nje ya kipindi mtoto wa Nyamwaga au Nata hakukisikia Kiingereza popote.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule za misheni chini ya serikali. Taasisi ya elimu iliyokuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikawa chombo kinachojitegemea cha kukuza mitaala mwaka 1975, na mwaka 1993 ikapata jina la Taasisi ya Elimu Tanzania. Muhtasari mmoja ukatumika nchi nzima, na andalio likapata sura moja kuanzia Tarime hadi Mtwara.

Azimio la Musoma na walimu wa UPE

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya chama tawala, TANU, ilikutana Musoma, makao makuu ya mkoa wa Mara, ikaamua kwamba elimu ya msingi kwa wote (UPE) ifikiwe kufikia Novemba 1977. Lengo la awali lilikuwa mwaka 1989. Mwaka huohuo wa 1974 Operesheni Vijiji ilikuwa ikiwakusanya watu katika vijiji vya ujamaa, na shule ilikuwa miongoni mwa huduma zilizoahidiwa kila kijiji. Idadi ya wanafunzi wa shule za msingi nchini ilipanda kutoka takriban milioni 1.2 mwaka 1974 hadi zaidi ya milioni 3 mwaka 1980.

Vyuo havikuweza kutoa walimu wa kutosha kwa kasi hiyo. Vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa kuwa walimu na kusomea ualimu wakiwa kazini: walifundisha vipindi vichache, walihudhuria masomo katika vituo vilivyo karibu nao, walisikiliza vipindi vya redio na kufanya masomo kwa njia ya posta. Wananchi waliwaita walimu wa UPE. Wengi wao Kiingereza walichokuwa nacho kilikuwa kile walichofundishwa katika shule ya msingi, na sasa walipaswa kukifundisha.

Kwao andalio lilikuwa zaidi ya utaratibu wa ofisi. Mwalimu aliyeandika sentensi zake za Kiingereza jioni, akazilinganisha na kitabu, akamwonyesha mwalimu mwenzake au mwalimu mkuu kabla ya kupitishwa, alijifunza lugha kabla ya kuifundisha. Kosa lililogunduliwa katika daftari la maandalio halikufika ubaoni. Upungufu wa daftari, vitabu na taa katika miaka migumu iliyofuata uliidhoofisha kazi hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi ilikosa bidhaa nyingi, karatasi zikiwemo, na darasa zima liliweza kutegemea kitabu kimoja mkononi mwa mwalimu. Katika hali hiyo somo la Kiingereza liliegemea ubao: mwalimu aliandika, wanafunzi wakanakili, na nafasi ya kuzungumza ikapungua.

Kiingereza chapimwa

Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makweta, iliyoundwa mwaka 1980 na kutoa taarifa mwaka 1982, ilipendekeza sekondari nayo ifundishwe kwa Kiswahili. Serikali haikutekeleza pendekezo hilo. Mwaka 1984 wataalamu wa Uingereza, Clive Criper na William Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wa sekondari nchini, wakaona kwamba wengi mno hawakuwa na uwezo wa kusoma masomo kwa lugha hiyo. Kilichofuata ni mradi wa kuimarisha ufundishaji wa Kiingereza uliofadhiliwa na Uingereza kuanzia mwaka 1987, uliopeleka vitabu vyepesi vya hadithi sekondari na kuwapa walimu mafunzo ya kazini.

Mradi huo ulibadilisha maudhui ya andalio. Ilishauriwa kwamba mwanafunzi aitumie lugha kwa mawasiliano: kuuliza njia, kununua, kusimulia, kuandika barua, kusoma hadithi kwa furaha. Andalio likaanza kuwa na safu mbili zinazokwenda sambamba, shughuli za mwalimu na shughuli za wanafunzi. Safu ya pili iliwalazimisha walimu kujiuliza swali ambalo andalio la zamani halikuliuliza: wakati mwalimu anaposema, mwanafunzi anafanya nini?

Kutoka malengo hadi umahiri

Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi wa 2002 hadi 2006 ulikuja baada ya kufutwa kwa ada, na madarasa yakafurika tena. Shule za sekondari za kata zilienea vijijini Tarime na Serengeti, na watoto ambao zamani wangeishia darasa la saba wakaingia kidato cha kwanza. Wengi walikutana ghafla na masomo yote kwa Kiingereza. Shule nyingi zilianza kidato cha kwanza kwa wiki kadhaa za kozi ya awali ya Kiingereza ili kuwavusha.

Mitaala iliyotolewa kuanzia mwaka 2005 iliacha kutanguliza maudhui ikatanguliza umahiri, yaani kile ambacho mwanafunzi anaweza kukifanya. Andalio likapata jedwali lenye hatua, muda, shughuli za kufundishia, shughuli za kujifunzia na upimaji, na mwishoni nafasi ya tathmini ya wanafunzi, tathmini ya mwalimu na maoni. Muhtasari wa miaka hiyo ulianza Kiingereza darasa la kwanza. Mtaala wa mwaka 2015 uliwaachia watoto wa darasa la kwanza na la pili kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, Kiingereza kikaanza darasa la tatu. Mtaala wa mwaka 2023 umekirudisha darasa la kwanza, na katika andalio lake lengo mahususi limepisha umahiri mkuu, umahiri mahususi na shughuli za kuufikia. Kila mageuzi yamemdai mwalimu ajifunze upya kujaza karatasi yake, na wakaguzi, ambao siku hizi huitwa wathibiti ubora wa shule, wameendelea kuiomba karatasi hiyo kwanza wanapofika.

Mafunzo ya kuiandaa yamepita mikononi mwa taasisi kadhaa. Chuo cha Ualimu Tarime huwafundisha walimu tarajali kuandika azimio na andalio, kisha huwapeleka katika shule za jirani kwa mazoezi ya kufundisha, ambako mkufunzi hukaa nyuma ya darasa akilinganisha kinachoandikwa na kinachofanyika. Mkoa wa Mara ulikuwa miongoni mwa mikoa ya mradi wa EQUIP-Tanzania kuanzia mwaka 2014 hadi 2020, na umo pia katika mradi wa Shule Bora. Yote miwili imefadhiliwa na Uingereza. Kwa utaratibu wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, unaojulikana kwa kifupi MEWAKA, walimu wa shule moja au kata moja hukaa pamoja, wakaandaa somo gumu kwa pamoja, mmoja wao akalifundisha, na wote wakalijadili.

Jinsi andalio linavyotayarishwa

Andalio huanza na taarifa za darasa: tarehe, somo, kipindi, muda, na idadi ya wanafunzi waliosajiliwa na waliohudhuria, wasichana kwa wavulana. Katika wilaya hizi safu ya mahudhurio ina uzito wake. Msimu wa kilimo, msimu wa ukeketaji na tohara unaoangukia mwishoni mwa mwaka, na mvuto wa machimbo ya dhahabu ya Nyamongo huacha alama katika tarakimu hizo. Darasa la watoto 90 waliosajiliwa ambalo 60 wamehudhuria linahitaji mpango wa siku hiyo na mpango wa kuwafikia waliokosa.

Baada ya hapo huja umahiri au lengo. Mfano unaofaa ni darasa la tano linalojifunza kueleza jambo linaloendelea kufanyika sasa. Mwalimu wa Tarime anaweza kuchora soko la Sirari kwenye karatasi kubwa: mwanamke anapima mahindi, kijana anapakia ndizi, mzee anauza ng'ombe, mtoto anabeba maji. Mwalimu wa Mugumu au Nata anaweza kuchora nyumbu wakivuka Mto Mara na watalii wakipiga picha. Zana hizi hazigharimu fedha nyingi. Zinamwezesha mtoto kutumia maneno mapya kusema kitu anachokijua tayari.

Utangulizi hupewa takriban dakika 5: mwalimu huwataka wanafunzi wataje kwa Kiingereza vitu wanavyoviona pichani. Maarifa mapya huchukua dakika 15: mwalimu hutamka sentensi kwa kutenda, wanafunzi hurudia, kisha muundo huandikwa ubaoni. Kukazia maarifa huchukua dakika 12 au zaidi: wanafunzi wawili wawili huulizana kuhusu picha, mmoja akiuliza mtu fulani anafanya nini na mwenziwe akijibu. Dakika zilizobaki ni za wanafunzi kueleza walichojifunza, za zoezi fupi na za hitimisho. Katika darasa kubwa kazi ya wawili wawili ndiyo inayoweza kumpa kila mtoto nafasi ya kusema. Bila kupangwa mapema, wenye sauti kubwa ndio pekee watakaosikika.

Sehemu inayotenganisha andalio zuri na lililonakiliwa ni pale mwalimu anapokisia makosa yatakayotokea. Hapa lugha za Mara humwongoza. Kiswahili na Kikuria havina viwakilishi tofauti vya mwanamume na mwanamke, kwa hiyo mtoto atasema "he" akimtaja mama yake. Mwalimu aliyeliona hilo kabla huweka pichani wanaume na wanawake, akapanga maswali yanayolazimisha uchaguzi. Wengi waliokulia katika Kikuria huchanganya sauti za l na r, hivyo "rice" na "lice" huhitaji zoezi la kusikiliza kabla ya zoezi la kusema. Silabi za Kibantu kwa kawaida huishia na irabu, na maneno yaliyoingia katika Kiswahili kama benki, basi na tiketi yanaonyesha tabia ya kuongeza irabu mwishoni, tabia ambayo mtoto huichukua hadi kwenye Kiingereza chake. Kiswahili hakina vibainishi kama "a" na "the", kwa hiyo vitasahaulika. Kwa upande mwingine, Kikuria hutofautisha wakati uliopita wa karibu na wa mbali kwa viambishi mbalimbali, na mwanafunzi anayefahamu utajiri huo haoni ajabu akielezwa kwamba kitenzi cha Kiingereza nacho hubadilika kwa wakati. Lugha ya nyumbani huwa msaada mwalimu anapoiingiza katika mpango wake.

Sehemu ya mwisho ya andalio hujazwa baada ya kipindi. Katika tathmini na maoni mwalimu huandika ni wangapi waliweza, kipi hakikueleweka, na kitarudiwa lini. Mahali hapa ndipo panapojazwa kwa haraka kuliko pengine pote, mara nyingi kwa sentensi moja kwamba somo lilieleweka vizuri. Pakijazwa kwa ukweli, kwa mfano kwamba wanafunzi 38 kati ya 60 walitunga sentensi sahihi na waliobaki walisahau kitenzi kisaidizi, andalio la kipindi kinachofuata hupata utangulizi wake kutoka hapo, na azimio la kazi husogezwa kulingana na mwendo wa darasa lenyewe.